Mvua ya Mbinga, Maji ya Kilambo

Wenzangu wa kwaya, tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja kwa nini Pasaka sikuonekana, na kila mmoja nimempa kipande tu cha habari. Mmoja amesikia nilikwama na basi. Mwingine amesikia nilikuwa navuna mpunga. Mzee wa kanisa ameambiwa nilichukuliwa na mto, jambo ambalo si kweli, ingawa halikuwa mbali na kweli. Nimeona niandike yote tangu mwanzo, habari iwe moja. Mambo ya ruhusa na tiketi nayaacha, hayana utamu.

Mbinga

Nilikwenda kwetu Mbinga kumzika shangazi yangu. Ninyi mliokulia pwani mnaijua mvua kama mgeni: inapiga hodi, inamwaga ilichobeba, inaondoka, na muda si mrefu nguo zimekauka kambani. Kwetu milimani mvua ni mtu wa nyumbani. Kuanzia Novemba hadi Aprili inaingia na kutoka itakavyo. Alfajiri ni ukungu, asubuhi ni manyunyu, mchana inatulia watu wapate kupalilia, jioni inarudi na radi zake. Nimekua nayo na sikuwahi kuiogopa.

Safari hii niliiogopa. Ilianza kwa mvua ya mawe iliyopukutisha majani ya kahawa ya kaka yangu Benedikti, barafu ikalala chini ya migomba kama chumvi iliyomwagika. Baada ya mawe ikaja mvua yenyewe, nayo haikukatika. Sisi Wamatengo tunalima ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko yanayozuia maji yasibebe udongo. Ngoro zilijaa, zikamwaga, za juu zikimwagia za chini, mpaka mlima mzima ukawa unatiririka. Siku ya maziko kaburi lilijaa maji. Wanaume walishuka na ndoo wakayachota, na kila walipoinua ndoo mbili, mbili nyingine zilikuwa zimeshaingia. Tulimshusha shangazi haraka haraka, padri akisoma huku mwamvuli umepinduka.

Jioni, tukiwa tunaota moto, Benedikti alisema, "Nina ndevu nyeupe, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kaburi linachotwa maji."

"Yanakwenda wapi yote haya?" niliuliza. Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza.

"Mengine Ziwa Nyasa. Ya upande huu yanashuka Ruvuma. Yanakuja kwenu huko."

Nilimkumbuka Bi Somoe.

Wengi wenu hamumjui. Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipangiwa shule ya kijiji kimoja jirani na Kilambo, sijui mtu, sijui hata kula muhogo mkavu. Bi Somoe, mjane wa Kimakonde, alinipa chumba nyumbani kwake. Malaria iliponilaza, alinibeba mgongoni hadi barabarani kutafuta usafiri. Tangu siku hiyo namwita Mama. Mimi ni Mkristo wa milimani na yeye ni Mwislamu wa bondeni, lakini likizo zangu nyingi nimezimalizia kwake. Analima mpunga kwenye bonde la Ruvuma, chini kabisa, karibu na mto. Mpunga ukianza kuchanua anahamia huko huko, analala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, ili kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mguu wake wa kushoto ulivunjika baadaye, sasa hutembea kwa kuuburuta.

Nikampigia simu. Haipatikani. Bondeni hakuna mtandao. Nikampigia mwanawe Hamisi, ambaye ni mkulima wa korosho Nanyamba.

"Huku jua, dada Skola," alisema. "Mihogo inanyauka. Mvua gani unayoisema?"

"Ya huku. Nenda ukamtoe mama bondeni."

"Mwaka jana nilimwambia ahame, akanifukuza na mwiko. Redio nayo ilitangaza mvua mikoa ya kusini. Kusini ndiyo sisi, na hatujaona tone."

Nilikata simu nikaanza kufunga begi. Benedikti alinisihi nibaki hadi mvua ipungue. Nilimwambia ikipungua huku nitakuwa nimechelewa kule.

Songea hadi Tunduru

Basi liliondoka Songea wakati mvua inapiga bati la stendi kiasi kwamba kondakta alitumia mikono kutuelekeza viti. Milima ya Matogoro, ambako Ruvuma unaanzia, haikuonekana. Kulikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe huo ngurumo.

Nilikaa na Mama Leonia, mfanyabiashara aliyetoka Mbamba Bay na viroba vya dagaa wa Nyasa kuwapeleka Masasi. Mwanamke mpana, mcheshi, mwenye kikohozi. Alinieleza kuwa ziwani mvua huja usiku kutoka kwenye maji yenyewe, na asubuhi anga linakuwa safi kana kwamba hakuna lililotokea. "Mvua zote si ndugu," alisema. "Nyingine zinafanana majina tu."

Tulipita Namtumbo salama. Mbele ya hapo, kijito kimoja kilikuwa kimebeba kalavati pamoja na kipande cha barabara. Magari yalipanga mstari huku na huku. Dereva alishuka, akatazama, akarudi, akazima injini. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Tulikaa hapo hadi kesho yake. Mimi nilikuwa natembea kwenda kijitoni na kurudi, kwenda na kurudi, nikitazama maji yanavyopita na kuhesabu moyoni yamenitangulia kiasi gani. Maji hayana stendi wala kalavati. Wakati mimi nimesimama, yenyewe yanasafiri.

Viroba viwili vya Mama Leonia vililowa. Dagaa wakilowa namna ile wanaoza. Watu wengine wangelia. Yeye alikwenda nyumba za jirani, akarudi na sufuria kubwa, nyanya, na wanawake watatu waliobeba beseni la ugali. Alikaanga dagaa wote waliolowa, akagawia abiria, madereva wa malori na wenyeji waliotukaribisha. Tulikula kwa mikono tukiwa tumesimama chini ya turubai la lori.

"Umewapoteza, mama," nilimwambia.

"Wangepotea hata nikiwatazama. Bora wapotee tumboni." Alinisogezea kipande cha ugali. "Kula. Unayemfuata atakuhitaji ukiwa na nguvu."

Asubuhi vijana wa kijiji na madereva walijaza mawe na magogo, basi likapita taratibu, sisi tukiwa tumeshuka na kuvuka kwa miguu. Tulipofika daraja la mto Muhuwesi niliinuka kitini. Maji yalikuwa mekundu kama udongo wa tofali, yamebeba migomba mizima na mabua ya mahindi. Muhuwesi unaingia Ruvuma. Nilirudi kukaa nikasali sala fupi, kisha nikamwuliza kondakta kama dereva anaweza kuongeza mwendo.

Tunduru hadi Masasi

Tunduru mvua ilikuwa ya namna nyingine. Asubuhi jua kali, mchana mawingu yakajikusanya upande mmoja, ikanyesha kwa fujo upande huo huo, na upande wa pili wa barabara vumbi halikulowa. Abiria mmoja alicheka akasema hapa mvua ina mpaka kama shamba.

Mangaka ilikuwa matone machache kwenye kioo. Masasi hata hayo hayakuwepo. Miamba ya Masasi ilikuwa mikavu na inang'aa, watu wamekaa kivulini, mahindi pembezoni mwa mji yamejikunja majani. Mtu aliyetoka usingizini angeapa kuwa kiangazi kimeshaingia. Mimi mwenyewe nilitazama viatu vyangu, tope la Mbinga limekauka juu yake, nikajiuliza kama sikuota.

Nilijaribu kueleza. Stendi palikuwa na mzee anayeuza karanga, akaniambia ana shamba karibu na Ruvuma upande wa Nanyumbu. Nikamwambia kuna mafuriko yanakuja, watu wa bondeni wanahitaji kuondoka. Alinisikiliza kwa upole, akanifungia karanga, kisha akasema, "Mwanangu, mchango nimeshatoa msikitini. Chukua hizi karanga, sina kingine."

Nilimweleza tena kwamba siombi mchango. Akaniongeza karanga.

Mama Leonia alicheka hadi kikohozi kikamshika. Halafu akamshika mzee mkono, akamwambia kwa sauti ya chini yale yale niliyosema, ila yeye alianza na dagaa wake: namna walivyolowa, mahali walipolowa, na kwamba kiroba kitupu alichokuwa amekibeba ndicho kilichokuwa cha dagaa hao. Mzee akakishika kiroba. Bado kilikuwa na unyevu. Akaniangalia upya. Kisha akatoa simu akampigia mwanawe.

Hapo nilijifunza kitu, nacho kilinifaa baadaye. Mtu mwenye jua kichwani huwezi kumwambia kuna mvua. Umwambie ulichoona wewe.

Tuliagana na Mama Leonia hapo stendi. Alikataa kunipa namba yake ya simu, akasema tukikutana tena iwe kwa bahati, ndiyo tamu.

Newala, juu ya uwanda

Njia fupi ya kufika Nanyamba ni kupanda uwanda wa Makonde kupitia Newala na Tandahimba. Jioni nilipata gari dogo lililofika Newala tu. Nililala kwa dada mmoja wa kanisa letu, mwalimu kama mimi, aliyeolewa huko.

Asubuhi nilifungua dirisha sikuona kitu. Kila mahali nyeupe. Bati lilikuwa linadondosha matone, tip, tip, na chini ya ukingo wake palikuwa na masufuria yamepangwa.

"Huku inanyesha," nilisema kwa furaha. Nilifurahi kwamba angalau sasa watu wataniamini.

"Hii si mvua," alisema mwenyeji wangu. "Ni ukungu wa asubuhi. Saa tatu utakuwa umeondoka. Mvua yenyewe tuliiona mara ya mwisho wakati mahindi yanatoa mbelewele."

Niliomba maji ninawe miguu na kusafisha viatu. Alisita kidogo, akaleta kopo kubwa. Nikanawa vizuri, nikasugua viatu, nikamwaga yaliyobaki kwenye maua. Nilipogeuka niliona watoto wake wawili wamesimama wananitazama. Yalikuwa maji ya kunywa. Huko juu kisima ni kirefu na bomba ni la zamu, na siku hiyo haikuwa zamu yao. Ndiyo maana ya masufuria.

Niliona aibu. Juzi juzi tu nilikuwa nimetazama wanaume wakimwaga ndoo kwa ndoo ili mwili wa shangazi upate mahali pakavu, na sasa nilikuwa nimemwaga kifungua kinywa cha watoto juu ya maua. Ukisimama ukingoni mwa uwanda wa Newala, ukungu ukiondoka, unaliona bonde la Ruvuma chini kabisa, kijani, na mto umelala katikati kama mkanda. Maji yapo. Yapo chini huko tu.

Nilitazama mkanda huo kwa muda. Kutoka kule juu sikuweza kujua kama umenenepa.

Nanyamba

Hamisi nilimkuta shambani anafyeka chini ya mikorosho. Ni mtu mtaratibu, hapandishi sauti. Alifurahi kuniona, akaniletea uji wa muhogo, akanionyesha mikorosho yake.

"Mwaka huu kiangazi kikiwahi hivi, tutashukuru," alisema. "Mkorosho ukichanua na mvua ya mchoo, ile ya katikati ya kiangazi, ikakosea njia, maua yanaoza yote. Sisi huku tunaiomba mvua iondoke, mama bondeni anaiomba ibaki kidogo. Mungu anasikia nyumba moja inaomba mambo mawili."

"Hamisi, nipeleke bondeni sasa hivi."

"Atatufukuza."

"Na atufukuze tukiwa hapo."

Alitazama panga lake, akaliegemeza kwenye mti. Nilimwomba jambo moja tu: tukifika, yeye asiseme neno, aniachie mimi. Alikubali. Tukapanda pikipiki yake, tukashuka kwa barabara ya udongo yenye vumbi lililotupaka uso mzima.

Bondeni

Ilikuwa Ijumaa Kuu, mchana. Mbingu ilikuwa buluu, haina hata uzi wa wingu. Kilambo watu walikuwa wanavuka kwenda Msumbiji kama kawaida, maji yamepungua hadi abiria wanakanyaga tope kuifikia mitumbwi. Mashamba ya mpunga yalikuwa nusu dhahabu, nusu kijani. Kwenye madungu wanawake walikuwa wanavuta kamba zenye makopo, ndege wanaruka na kutua jaruba la mbele, kipande cha mpunga kinachofuata.

Bi Somoe alituona tukija wawili. Akashuka ngazi ya dungu taratibu, mguu mzima kwanza.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama. Ni shangazi yangu tu, na huyo tumeshamzika."

"Pole, mwanangu. Mungu amrehemu."

Hapo ndipo Hamisi alipofungua mdomo. "Mama, fungasha. Mto unakuja."

Alitazama mbingu. Akatazama mto, uliokuwa umelala kati ya mafungu ya mchanga. Kisha akatutazama sisi.

"Mto si ule pale? Unakuja kutoka wapi?"

"Mbinga na Songea kunanyesha sana, Mama," nilisema. "Nimeona mwenyewe."

"Mwaka juzi mlisema viboko. Mwaka jana mlisema mguu. Sasa mmeniletea mvua ya Mbinga." Aliniita kwa cheo, jambo analolifanya akikasirika. "Mwalimu, nnajua mmepanga. Mnataka nikae mjini nitazame televisheni. Mpunga huu umebakiza wiki mbili, na sitoki."

Nikaona pale nilipokosea. Hamisi na mimi tulikuwa tumemsumbua miaka yote aache bonde, kwa sababu hii na ile. Sasa sababu ya kweli ilipokuja, ilivaa nguo zile zile.

"Basi sikutoi," nilisema. "Nipe mundu."

"Wa nini?"

"Nivune. Ulioiva nitakata, na ulioanza kugeuka nitakata. Tutaupandisha juu kwenye mwinuko. Kaa hapa hapa ufukuze ndege."

"Na maji yasipokuja?"

"Nitakuwa nimekuharibia mpunga. Likizo ya Juni yote nitakuwa mtumishi wako, na sitakutajia mji tena maisha yangu."

Alinitazama. Sijui alichokiona usoni mwangu zaidi ya vumbi. Akapanda dungu, akarusha mundu chini, ukachoma udongo karibu na mguu wangu. Kisha akashuka tena na wa pili mkononi.

Tulikata mpaka jua likazama. Hamisi alifunga miganda na kuipandisha kwenye mwinuko kwa pikipiki, safari baada ya safari. Mikono yangu ya chaki ilipasuka. Jirani wa jaruba la pili, mwanamke wa rika langu aitwaye Zuhura, alikuja kutucheka. Nyuma yake wakaja wengine.

"Bi Somoe, umeanza kula mpunga mbichi?"

"Muulizeni Mwalimu," alisema Bi Somoe bila kuinua kichwa.

"Nani kakutuma, Mwalimu?" aliuliza Zuhura, na safari hii hakuwa anacheka. "Wanataka kulichukua bonde?"

Nilikumbuka kiroba cha Mama Leonia. Sikusema habari ya mafuriko. Niliwaeleza juu ya kaburi. Niliwaeleza namna wanaume walivyochota maji kwa ndoo, na namna sanduku la shangazi lilivyogusa chini likatoa sauti ya mtu anayeingia mtoni.

Mwanamke mmoja akasema, "Innalillahi," akaenda kuchukua mundu wake. Wengine wawili wakamfuata. Zuhura alibaki amesimama.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Mimi nasubiri nione mawingu."

Jumamosi tulikata tena. Mchana niliona povu likipita mtoni, la rangi ya chai. Hamisi naye aliliona. Akaongeza mwendo.

Pasaka

Asubuhi ya Jumapili mafungu ya mchanga hayakuwepo. Hapakuwa na sauti kubwa wala wimbi la kutisha. Maji yalikuwa yamepanda tu, mazito, mekundu, yamebeba migomba. Bondeni hakuna aliyelima migomba mingi namna ile. Mbingu ilikuwa buluu vile vile.

Mwezi ulikuwa mpevu siku hizo, na bahari ilikuwa na bamvua, ule ujaaji mkubwa wa maji. Maji ya bahari yalipanda kwa mdomo wa mto, yakakutana na ya milimani, na hakuna yaliyokubali kuyapisha mengine. Yakatanda pembeni. Yakaingia mashambani kwa nyuma, kupitia mfereji wa zamani, huku sisi tukitazama mto wa mbele.

Sisi tulikuwa mwinukoni tayari na mganda wa mwisho. Wanawake wengi walikwisha panda. Zuhura ndiye hakuwepo. Alfajiri, alipoyaona maji, alikimbilia jaruba lake la mbali aokoe chochote, na mfereji ukamfungia njia. Tulimwona juu ya dungu lake, ameshika nguzo kwa mikono miwili, maji yakizunguka miguu ya dungu.

Pale mwinukoni mtandao unashika kidogo, Hamisi akampigia simu mtu wa mtumbwi Kilambo. Akasema anakuja, lakini anapambana na mkondo. Dungu lilikuwa limeanza kuinama.

Mimi sijui kuogelea. Kwetu maji yanapita, hatuyaingii. Nilimtazama Hamisi, naye alikuwa anavua shati. Nikachukua mwanzi mrefu, tukaingia pamoja. Maji yalifika magotini, kiunoni, kisha kifuani. Yalikuwa baridi, na nawaambieni, niliitambua ile baridi. Ilikuwa ya nyumbani.

"Shikeni tuta la jaruba," alipaza sauti Bi Somoe kutoka juu. "Skola, kulia kwako. Kulia. Kushoto ni mfereji, usiukanyage."

Sikuona tuta wala mfereji, niliona wekundu tu. Nilifuata sauti yake. Kila hatua nilitafuta kwa mwanzi kwanza, nikipata kigumu nakanyaga. Hamisi alinishika nguo nyuma. Mara moja mguu uliteleza, maji yakanifunika uso, nikameza udongo wa kwetu, akanivuta. Sikufikiri juu ya kifo. Nilifikiri juu ya tuta, na hatua, na tuta.

Tulipofika, Zuhura hakutaka kuachia nguzo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipanda ngazi, nikaanza kumfungua kidole kimoja kimoja huku nikimwambia mambo ya kawaida kabisa: kwamba watoto wake wako juu, kwamba chai ipo. Akaachia. Tulirudi tukiwa watatu tumeshikana, yeye katikati, kwa sauti ile ile ya Bi Somoe. Tulipokaribia mwinuko mtumbwi ulitukuta, ukatubeba kipande cha mwisho. Nilipogeuka, dungu la Zuhura lilikuwa limelala ubavu na linaondoka.

Bi Somoe hakunikumbatia. Alinifuta uso kwa khanga yake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

Juu, kijijini

Mashamba yote ya chini yalizama. Watu hawakupotea, na kwa hilo kila nyumba ilishukuru kwa dini yake. Bi Somoe alikuwa ameokoa labda nusu ya mpunga wake, na sehemu yake kubwa ilikuwa haijakomaa. Mpunga wa namna hiyo hauwekwi ghalani. Akaamua tutengeneze pepeta. Tulikaanga punje mbichi kwenye chungu, tukazitwanga zingali moto mpaka zikawa bapa, tukapepeta makapi, tukachanganya na nazi na sukari kidogo. Hiyo ndiyo Pasaka yangu, wenzangu, mkiuliza nilikula nini.

Zuhura alikuja na watoto wake. Alikaa mlangoni, akiona haya kuingia. Bi Somoe alimwekea sahani kubwa kuliko yangu.

"Nilisubiri mawingu," alisema Zuhura.

"Hata mimi nilikuwa nayasubiri," alijibu Bi Somoe. "Kula."

Nilikaa nao siku kadhaa, nikitwanga na kuanika. Maji yalisimama pale pale mashambani, yamenyooka kama kioo, na kila asubuhi Bi Somoe alitembea hadi ukingoni kuyatazama. Nilidhani anaomboleza. Hamisi naye alidhani hivyo, na jioni moja akaniuliza kwa kunong'ona kama sasa ndio wakati wa kumwambia habari za kuhamia Nanyamba. Nilimwambia asithubutu.

Siku ya kuondoka, nikiwa nimeshapanda pikipiki ya Hamisi, Bi Somoe alikuja akiuburuta mguu wake, mkononi ana kifuko cha pepeta cha kuwaletea ninyi. Alinikabidhi, kisha hakuondoka.

"Kaka yako huko milimani, bado kunanyesha?"

Nilimpigia Benedikti hapo hapo. Alisema imekatika, jua limetoka, wanaanika nguo.

"Muulize ilikatika lini," alisema Bi Somoe. "Nnataka kujua maji ya mwisho yatanifikia lini. Yakitoka hapa yataacha tope zuri sana. Kunde zinataka kuingia ardhini kabla halijakauka."